Mzigo Huanza Kuanguka Siku ya Kununua

Mzigo ukidondoka kiwandani, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule aliyekuwa ameshika mnyororo au kitufe. Ataulizwa alikuwa anaangalia wapi, alifunga vipi, kwa nini hakusubiri. Mara nyingi taarifa hufungwa kwa neno uzembe, na kesho yake kazi inaendelea chini ya boriti ileile. Hoja yangu ni kwamba foleni ya wa kuhojiwa tunaianzia katikati. Kabla ya fundi huyo kuna aliyechagua kifaa, kuna aliyeamua kining'inizwe wapi, na kuna aliyeidhinisha malipo. Watatu hao, ambao kwenye karakana ndogo huwa ni mtu mmoja, aghalabu hawapiti chini ya ndoano. Hata hivyo, uamuzi wao ndio unaopanga kama kosa dogo la fundi litaishia kwenye mkwaruzo au kwenye msiba.

Mfano unaoonyesha hili bila utata ni wa mji wa Tieling, mkoa wa Liaoning, nchini China. Tarehe 18 Aprili 2007, katika kiwanda cha chuma cha Qinghe, ndoo kubwa ya kubebea chuma kilichoyeyuka, yenye uwezo wa tani 30, ilianguka ikiwa inahamishwa juu kwa juu. Chuma chenye joto la takriban nyuzi 1,500 kilimwagika na kuingia kwenye chumba cha jirani, ambamo wafanyakazi walikuwa wamekusanyika wakati wa kupokezana zamu. Watu 32 walikufa. Mamlaka ya usalama kazini ya China ilipochunguza haikuishia kwa aliyekuwa akiendesha mtambo. Ilibaini kwamba kiwanda kilitumia winchi ya kawaida badala ya kreni maalumu ya kubebea metali iliyoyeyuka, na kwamba chumba cha mkutano kilikuwa karibu mno na njia ya mzigo. Kreni ya kazi hiyo hutakiwa kuwa na breki za ziada, ili moja ikishindwa nyingine ishike, na kuwa na kinga dhidi ya joto. Hayo yote huamuliwa mezani, kwa kalamu, miezi au miaka kabla ya zamu ya mwisho ya wale watu 32.

Kwetu hakuna haja ya kufika kwenye chuma kilichoyeyuka ili kuliona tatizo hilo. Mnunuzi anayeingia kwenye maduka ya vifaa ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Industrial Area, Nairobi, kwa kawaida huuliza mambo mawili: tani ngapi, na bei gani. Muuzaji naye humjibu hayo mawili. Kumbe tani ni jibu la swali moja tu, la uzito mkubwa kabisa ambao kifaa kizima kinaruhusiwa kuubeba kikiwa kinavuta wima. Tani hazisemi kifaa kitanyanyua mara ngapi kwa siku, wala kama kitafanya kazi kwenye vumbi la saruji au kwenye hewa ya chumvi ya pwani. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO huipanga mitambo hii kwa madaraja, M1 hadi M8, kwa kuangalia saa za kazi na jinsi mizigo inavyokaribia ukomo. Winchi ya tani 2 ya daraja la chini na winchi ya tani 2 ya daraja la M5 zinaweza kufanana kwa rangi na umbo. Moja imetengenezwa kwa karakana inayonyanyua pampu mara chache kwa wiki, nyingine kwa kiwanda kinachohamisha mzigo kutwa nzima. Kwenye kibao cha mota huwa pia pana asilimia. Ikiandikwa asilimia 25, maana yake katika kila dakika 10 mota ifanye kazi dakika 2 na nusu, muda uliobaki ipoe. Mwenye kiwanda asiyejua hilo ataiendesha mfululizo, itaungua, breki itaisha kabla ya wakati, naye ataapa kwamba ameuziwa feki. Huenda kweli ni feki, maana feki zimejaa. Ila hata iliyo halisi isingepona.

Lakini kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote liko juu zaidi, kwenye kenchi. Katika gereji na karakana nyingi, kifaa cha kunyanyulia huning'inizwa pale palipopatikana: kwenye kenchi ya paa, kwenye bomba lililochomelewa kati ya nguzo mbili, kwenye boriti iliyotolewa kwenye jengo lililobomolewa. Tufanye hesabu kidogo. Bati la geji 28 lina unene wa takriban milimita 0.4, na mita moja ya mraba ya bati hilo ina kilo 3 na ushei. Paa la karakana lenye mita 100 za mraba basi linabeba mabati ya kilo 300 hivi, tena yaliyotawanyika kote. Injini ya lori kubwa la mizigo peke yake inafika tani moja, na inaning'inizwa sehemu moja, sehemu iliyochaguliwa kwa sababu tu gari liliegeshwa hapo. Aliyechora kenchi ile aliwaza mabati, upepo unaotaka kuling'oa paa, na fundi mmoja au wawili watakaopanda kupigilia misumari. Hakuwaza injini. Kumlaumu fundi aliyevuta mnyororo siku kenchi inapokunjika ni kumwonea.

Hata penye boriti halisi ya chuma, ukubwa wake hauamuliwi kwa macho. Boriti iliyofaa kwenye nafasi ya mita 3 hainakiliwi kwenye nafasi ya mita 6. Mzigo ukiwa katikati, nguvu ya kuikunja boriti huongezeka mara 2, na kiasi inachoinama huongezeka mara 8. Boriti ndefu isiyoshikiliwa ubavuni inaweza kujipinda na kulalia upande wakati chuma chenyewe bado kina nguvu. Kisha kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi wazuri wa kuchomelea hulisahau: toroli inayobeba kifaa hutembea kwenye ukingo wa chini wa boriti, kwa hiyo mzigo wote unapita kwenye ubapa huo mwembamba. Boriti nyingi za zamani za vipimo vya Kiingereza zina ukingo unaopungua unene kuelekea nje, ilhali za siku hizi za vipimo vya Ulaya zina ukingo bapa. Magurudumu ya aina moja yakiwekwa kwenye boriti ya aina nyingine hugusa kwa ncha tu, yakautafuna ukingo polepole mpaka toroli ianze kuyumba. Na uzito wa toroli na winchi yenyewe ni sehemu ya mzigo. Boriti ya tani 2 iliyobeba winchi ya tani 2 tayari imezidiwa pale winchi hiyo inaponyanyua tani 2 kamili.

Chini ya ndoano hali ni ileile. Mzigo wa kilo 1,000 ukishikwa na mikanda miwili inayopanda kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mkanda huvutwa kwa nguvu ya kilo 577. Pembe ikishuka hadi nyuzi 45, kila mmoja unabeba kilo 707. Ikifika nyuzi 30, kila mkanda unabeba kilo 1,000 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Mikanda ya polista iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hutiwa rangi ili isichanganywe: zambarau ni tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Ni utaratibu rahisi ambao hata asiyejua kusoma anaweza kuufuata. Tatizo ni kwamba ofisi ya manunuzi ikileta mikanda mifupi kwa sababu ni ya bei nafuu, fundi hana namna ya kuipata pembe ya nyuzi 60. Ataifunga kwa pembe iliyolala, akibeba hatari ambayo mnunuzi hakuiona kwenye ankara.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya vitabuni, kwamba karakana zetu zimenyanyua kwa kenchi na mabomba miaka 20 na hakuna aliyekufa. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linatolewa na watu wanaojua kazi. Jibu lake limo ndani ya chuma. Minyororo ya kufungia mzigo hutengenezwa ili isikatike mpaka ivutwe mara 4 ya uzito ulioandikwa. Kamba za waya mara 5. Mikanda ya polista mara 7. Kwa hiyo anayenyanyua tani 3 kwa mkanda wa tani 2, na mzigo ukafika salama, hajagundua kwamba maandishi yanadanganya. Amekula mbegu zilizowekwa kwa ajili ya msimu mbaya. Akiba ile tayari ina wenyewe: kutu, kuchakaa, nyuzi zilizokatika ndani ya waya zisikoonekana, pembe iliyolala, na mshtuko wa mzigo uliokwama kisha ukaachia ghafla. Chuma pia huchoka. Ufa mdogo kwenye ndoano au kwenye kiungo cha kuchomelea hukua kidogo kila mzigo unapopanda, pasipo kutoa sauti, na siku ya mwisho hufanana na siku zote zilizotangulia. Miaka 20 bila ajali inaonyesha kwamba mambo hayo bado hayajakutana siku moja. Hailindi siku ya kesho.

Simtoi fundi lawamani kabisa. Yapo makosa ya mikono, na yanajulikana: kuburuza mzigo kwa kuuvuta upande, watu wawili kuvuta mnyororo wa mkono uliokusudiwa mtu mmoja, kuchomeka bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu, kufunga fundo kwenye mnyororo ili kuufupisha, kutumia suichi ya kikomo cha juu kana kwamba ndiyo breki ya kila siku, na lililo baya zaidi, kusimama chini ya mzigo. Kitu kinachoanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64, kikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 22 kwa saa. Hakuna kijana mwepesi wa kukwepa hilo. Ukiyatazama makosa hayo moja moja, hata hivyo, utakuta nyuma ya karibu kila moja pana uamuzi wa mtu mwingine. Fundi huuvuta mzigo upande kwa kuwa boriti haifiki pale mzigo ulipo. Na mnyororo ukiinama nyuzi 20 tu kutoka wima, toroli na boriti vinavutwa ubavuni kwa nguvu ya asilimia 36 ya mzigo, nguvu ambayo havikuundiwa. Watu wawili huvuta mnyororo kwa kuwa kifaa ni kidogo kwa kazi ile. Fundo hufungwa kwa kuwa mnyororo wa urefu unaofaa haukununuliwa. Na kijana husimama chini ya injini kwa kuwa nafasi ni finyu na mnyororo wa kuvutia unaning'inia hapohapo ubavuni mwa mzigo. Mafunzo pekee hayawezi kumtoa hapo. Ukimpa cheti cha usalama kisha ukamrudisha kwenye kona ileile na kifaa kilekile, umempa karatasi ya kumlaumia baadaye.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtaji. Mwenye karakana Vingunguti, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, hawezi kununua kreni inayotembea juu ya reli mbili kama iliyoko kwenye kiwanda cha saruji, na atakayemwambia afanye hivyo hajui anazungumza na nani. Ila kuchagua vizuri hakumaanishi kila mara kununua ghali. Karakana inayotoa injini mbili kwa wiki haina haja ya winchi ya umeme kabisa. Cheni bloku ya mkono ya mtengenezaji anayejulikana, yenye alama ya uzito na namba yake, ikining'inizwa kwenye fremu ya miguu inayosimama sakafuni, itafanya kazi hiyo kwa usalama kuliko winchi ya umeme isiyo na kibao iliyofungwa kwenye kenchi. Fremu hiyo huchomelewa hapahapa na mafundi wetu, ilimradi mhandisi ameichora na sakafu yake ni ya zege zima. Haigusi paa, inasogezwa mzigo ulipo, na hivyo inaondoa pia ule mtindo wa kuburuza. Vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya navyo si vya kukataliwa kwa jumla. Vingine ni bora kuliko vipya vya bei ya kutupa, mradi vifunguliwe, breki itazamwe, ndoano ipimwe kama imetanuka mdomo au imejipinda, na mnyororo ulinganishwe na vipimo vya mtengenezaji. Asiyeweza kupata vipimo hivyo asinunue.

Tena si lazima kila mwenye karakana abebe gharama peke yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo la Tanzania, SIDO, liko tangu 1973 na lina mitaa ya viwanda mikoani ambamo karakana zimepangana ukuta kwa ukuta. Mahali pa namna hiyo panafaa kuwa na sehemu moja ya kunyanyulia mizigo mizito, yenye boriti iliyopigiwa hesabu na mtu aliyefunzwa, wanachama wakalipia kwa kila mzigo. Gereji 10 zenye kenchi 10 za mashaka zina gharama kubwa kuliko boriti moja ya uhakika, hata kama gharama hiyo haimo kwenye daftari la mtu yeyote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa mwajiriwa aliyeumia, nalo ni jambo jema, lakini vijana wengi wanaojifunza kazi kwenye gereji hawamo kwenye orodha ya waajiriwa. Wakivunjika mguu, bili ya hospitali inaenda kwa mama yao.

Nabakiwa na wale wanaosema sheria zipo, kinachotakiwa ni kuzisimamia. Ni kweli zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Kenya ina sheria yake ya 2007. Uingereza, kwa kanuni za 1998, hutaka mikanda, minyororo na viungo vyake vikaguliwe kila miezi 6 na mitambo ya kunyanyulia kila miezi 12, isipokuwa ile inayobeba watu, ambayo pia ni miezi 6. Wenye viwanda wengi kwetu huuona ukaguzi kuwa ni ada na stika, na wakati mwingine wana sababu ya kunung'unika: mkaguzi anafika, anatazama mnyororo, anaandika, anaondoka. Nami naona kasoro, ila si ile wanayoisema wao. Ukaguzi wa mwaka unaanza kifaa kikiwa kimeshanunuliwa na kimeshatundikwa. Mkaguzi akikuta boriti haifai, anachoweza ni kukifungia kiwanda, na hapo shinikizo la kumtaka afumbe jicho linakuwa kubwa. Swali lingeulizwa mapema, kabla ya bolti ya kwanza kukazwa, lingekuwa rahisi kwa pande zote. Itakiwe karatasi moja inayojibu mambo machache: kifaa kitanyanyua nini, mara ngapi kwa siku, kitatembea hadi wapi, kitaning'inia kwenye nini, na ni mhandisi gani aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aliyeipigia hesabu boriti. Jina la mhandisi huyo na la aliyeidhinisha ununuzi yakiwa kwenye karatasi, siku ya ajali fundi hatakuwa peke yake kwenye benchi la kuhojiwa. Na uzito unaoruhusiwa uandikwe kwenye boriti yenyewe, kwa rangi, kwa tarakimu zinazosomeka kutoka chini, ukiwa ule wa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Leo hii mara nyingi winchi ina maandishi na boriti haina, na watu huchukulia kwamba boriti imekubaliana na winchi.

Atakayelalamika kwamba jaribio la kuthibitisha boriti ni la matajiri, atazame linahitaji nini. Desturi ya kimataifa ni kupima mtambo mpya kwa asilimia 125 ya uzito wake, mzigo ukiwa umesimama tu, bila kutembezwa. Kwa boriti ya tani 2 hizo ni tani 2 na nusu, yaani mifuko 50 ya saruji ya kilo 50. Hesabu ya mhandisi ikishapita, inatosha mifuko ipangwe kwenye jukwaa imara, eneo lizungushiwe kamba, watu watolewe nje, na mzigo uinuliwe sentimita chache katikati ya boriti, mhandisi akiwapo na kipimo mkononi. Anaandika boriti imeinama kiasi gani, mzigo unashushwa, anapima tena kama imerudi ilipokuwa. Isiporudi, inashushwa siku hiyohiyo. Ikirudi, winchi inaanza kazi, na mifuko 50 inarudishwa dukani au inamalizia ule ukuta wa nyuma ambao mwenye karakana amekuwa akiuahirisha.